Ng'ombe wa Gathi walikuwa wa nani? (Beria mwana wa Efraimu)

Mjukuu wa Makoye, Tabora
Shikamooni wakubwa. Juzi ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa kwangu hapa Ipuli, na zamu ya kusoma ikaniangukia: 1 Mambo ya Nyakati sura ya 7. Majina matupu. Mama mmoja alishaanza kusinzia, nami nakimbiza tu ili chai isipoe. Nikafika mstari wa 21, Ezeri na Eleadi wana wa Efraimu waliuawa na watu wa Gathi, mji wa Wafilisti, kwa sababu walishuka kuchukua ng'ombe wao. Jirani yangu mzee, aliyechunga Igunga tangu utoto, akanikatiza: "Simama hapo. Ng'ombe wa nani?"

Nikarudia. "Wao." Wao kina nani, waliokufa au waliowaua? Chai ikapoa kweli.

Mbele yake ni rahisi. Efraimu akaomboleza siku nyingi, ndugu wakaja kumpa pole, kisha akazaliwa mtoto akaitwa Beria kwa sababu ya mabaya yaliyoipata nyumba. Hapo sikuhitaji mfasiri, babu yangu ni Makoye, yaani shida. Ila Efraimu, mwana wa Yusufu, kazaliwa Misri, mama yake Asenathi. Vijana wake walifikaje Gathi?

Mama Dagaa, Ujiji
Kaka, shika neno "walishuka". Katika Biblia mtu akitoka Misri kwenda Kanaani anapanda. Kushuka ni kwenda Misri, kama Yakobo na wanawe. Basi hao hawakutokea Misri. Walikuwa milimani, na Gathi iko chini kuelekea tambarare. Mtu wa Kasulu akija huku kwetu ziwani anasema anashuka, hasemi anapanda. Wezi hao, poleni kwa baba yao.

Mwalimu Mstaafu, Nzega
Mama amenena. Naongeza: Hesabu 26:35 inataja koo za Efraimu, Shuthela, Bekeri na Tahani. Beria hayumo. Lakini fungua 1 Nyakati 8:13, kuna Beria wa Benyamini, mkuu wa wenyeji wa Aiyaloni, aliyewafukuza watu wa Gathi. Jina lile lile, adui yule yule, mpakani mwa Efraimu na Benyamini. Mimi naona ni ugomvi mmoja wa mpakani uliokumbukwa na koo mbili, mmoja kwa kilio, mwingine kwa majigambo. "Efraimu" anayelia hapo huenda ni kabila zima. Msimchanganye na Beria wa Asheri, yule ni wa Mwanzo 46:17.

Mjukuu wa Makoye, Tabora
Ahsante mwalimu, ahsante dada. Nimempelekea mzee majibu, tukakaa chini ya mwembe wake. Habari ya kushuka ameikubali mara moja. Kuhusu ng'ombe akacheka: "Aliyeandika si wa ukoo wao? Ulitaka aandike waziwazi kwamba watoto walikwenda kuiba? Kaandika 'wao', akanyamaza."

Mama Dagaa, Ujiji
Mzee huyo mpe maziwa. Ila wanaume wote mmemruka binti, mstari wa 24! Sheera alijenga Beth-horoni ya chini na ya juu, na Uzen-sheera wenye jina lake. Beth-horoni iko kwenye mteremko ule ule ambako Yoshua, wa ukoo huo huo, aliwafukuza Waamori. Kaka zake walishukia ng'ombe, yeye akajenga njiani.

Mjukuu wa Makoye, Tabora
Nimekosa, dada. Jumatano ibada iko kwa mzee. Tutaanzia hapo, chai mwishoni.