Riwaya yangu: ripota na mrusha mpira wa besiboli wakutanie wapi?

Jamani, ripota wangu wa gazeti la Chicago kampenda mrusha mpira. Nimewakutanisha chumba cha kubadilishia nguo, mume wangu kacheka mpaka chai ikamwagika.

Jibu: Asicheke, dada. Mwaka 1978 jaji Constance Baker Motley, kwenye kesi ya ripota Melissa Ludtke kule Marekani, aliamua wanahabari wanawake wasizuiwe kuingia humo uwanjani kwa Yankees, timu ya besiboli ya New York. Ila mle ni taulo, jasho na hasira za kufungwa. Mahaba hapana.

Jibu: Mechi 162 kwa msimu, nusu ugenini! Watapendana kwa simu za usiku wa manane.

Jibu: Kikwazo ni mhariri. Akijua tu, anamhamishia tenisi.

Muulizaji: Tenisi! Hiyo naiba.