Mrejesho: kano ya kisigino iliyokatika nikiruka kamba

Niliuliza hapa kama mtu wa miaka 47 afanyiwe upasuaji wa kano ya kisigino iliyokatikia jimu. Nilifanyiwa, hapa Nakuru. Kidonda kilifunga upesi. Kano ndiyo haina haraka, maana damu inayoifikia ni kidogo. Kile kiatu kigumu nilichovalishwa baada ya upasuaji kina vipande vya kuinua kisigino, na kila kipande kilipotolewa niliogopa kukanyaga.

Sasa nashika meza ya jikoni na kuinuka kwa vidole, miguu yote miwili. Mmoja peke yake bado. Shavu la mguu limenywea. Kupanda Menengai nimekatazwa kwa sasa.

Dada uliyenionya kuhusu damu kuganda mguuni, Mungu akubariki. Mguu ulipovimba nilirudi kupimwa siku hiyohiyo. Damu haikuwa imeganda.