Naomba ushauri: nyumba ya zamani, fedha kidogo, nataka kuiuza

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisaidie mawazo. Tunauza nyumba ya marehemu mama, iko mjini na ina zaidi ya miaka 60. Akiba niliyonayo inatosha kazi moja kubwa au ndogondogo tatu, siyo zote.

Kinachonisumbua hasa ni ukuta wa sebuleni. Rangi imetuna kwa chini kama malengelenge. Ukiigusa inapukutika, na unga mweupe wa chumvi unabaki kidoleni. Mwaka jana niliukwangua, nikapiga plasta ya saruji na rangi mpya. Baada ya miezi minne unyevu ukatokea tena, juu zaidi. Ndipo nikagundua mfereji wa paa umetoboka palepale nje. Nimeshauziba. Jikoni nimebadilisha vitasa na bomba tu, na kumependeza kweli.

Je, plasta ile ya saruji niibandue nipige ya chokaa, au nisubiri ukuta ukauke ndipo nipake rangi? Sitaki kumficha mnunuzi tatizo.

Pili, mlango wa mbele wa mbao umepauka lakini ni mzima. Niupige msasa na vanishi, au fedha hiyo niipeleke kwenye sakafu?

Natanguliza shukrani.