Naomba ushauri: kupata faili la kesi ya kuendesha amelewa, Hennepin County, Minnesota

Habari zenu wadau. Mdogo wangu anaomba uraia wa Marekani, amejaza fomu ya N-400, na wakili anataka nakala ya hukumu yenye mhuri wa korti, kwa sababu 2017 alishikwa Minneapolis akiendesha amekunywa, kipimo cha pombe kilipita 0.08 ambayo ndio kikomo cha sheria, akakiri akalipa faini yakaisha. Shida namba ya kesi hana, ile karatasi ya polisi ilifuliwa ndani ya suruali ikabaki vipande vipande. Nimeingia MCRO, ile tovuti ya korti za Minnesota, nikaandika jina lake hakuna kitu, nikageuza majina yake matatu kila namna maana huku jina la babu ndio wanalifanya la ukoo na la baba mara nyingine wanaliruka, bado patupu. Na intavyuu ni mwezi ujao, nyumbani hatulali vizuri.

Wenye uzoefu nisaidieni, nikienda kortini pale mjini wanaweza kumtafuta kwa tarehe ya kuzaliwa bila namba ya kesi? Na hiyo nakala ya mhuri naweza kumchukulia mimi ama lazima aende mwenyewe, yeye kazi yake iko Duluth, mji ulio mbali na Minneapolis. Nitashukuru sana.