Watoto wa maskini kupanda kimasomo katika shule za chata Marekani: ni walimu au ni kura?

Mama Triza, Houston: Habari zenu wakuu. Nimechoka kusikia kwamba shule za chata zinachagua watoto wepesi halafu zinajisifu. Mwanangu anasoma humo. Ada hakuna, fedha ni za umma, ila shule inajiendesha kwa mkataba wake, na waombaji wakizidi nafasi majina yanapigiwa kura ya bahati nasibu. Tulipofika hapa alikuwa hajui hata kugawanya. Mwalimu wake wa hesabu aliwapa watoto namba yake ya simu. Saa tatu usiku mimi nasonga ugali, namsikia mtoto ananong'ona, "Mwalimu, theluthi na robo najumlishaje?" Na anajibiwa! Mambo hayo walikuwa nayo KIPP, mtandao wa shule za chata, walioanzia hapa hapa Houston 1994, vijana wawili, Feinberg na Levin. Darasani saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Jumamosi waliingia pia. Kwetu Tanzania kengele ya mwisho ikilia, mwalimu keshapanda boda. Sasa semeni, ni walimu au si walimu?

Ticha wa Singida: Dada, ya Houston siyajui. Ila hilo la boda limeniuma na nakuomba ulifute. Nina darasa la nne lenye watoto 112. Tangu elimu bila ada ianze 2016 vyumba vimefurika, na madaftari nabeba nyumbani kwenye kiroba. Nasahihisha kwa taa ya sola mpaka inafifia, yanayobaki namalizia alfajiri. Boda ipi hiyo?

Msukuma St. Paul: Turudi kwenye hoja jamani. Sheria ya kwanza ya chata ilipitishwa huku kwetu Minnesota 1991, na shule ya kwanza ilifunguliwa St. Paul mwaka uliofuata. Kura ndiyo inayosaidia kupima. Boston watafiti walilinganisha watoto walioshinda kura na walioomba wakakosa. Wote wazazi wao walihangaika sawasawa, lakini walioingia walipanda, hesabu hasa. Kwa hiyo kusema ni kuchagua tu, hapana. Lakini msizichukulie zote kuwa sawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford 2009 waliona asilimia 17 tu ya chata ndizo zilizozipita shule za kawaida kwenye hesabu. Ripoti yao ya 2023 inaonyesha chata zimetangulia kidogo kwa wastani, ila zile za kusomea kwenye kompyuta nyumbani zinawarudisha watoto nyuma.

Binti Mzee, Tanga: Ticha, wewe ni mmoja. Mimi nilisoma na mwalimu aliyetutuma kuni na maji mpaka mtihani ukatukuta. Mama Triza hajakosea.

Ticha wa Singida: Binti Mzee, mwalimu wako mmoja ndiye sisi sote? Mama yangu alifundisha miaka 31, kastaafu na miguu imevimba kwa kusimama. Msiniletee kuni hapa.

Mama Triza, Houston: Sikumtukana mama yako, Ticha, na pole kwa miguu yake. Lakini watoto wa dada yangu wako darasa la sita, kusoma sentensi ndefu kunawashinda. Nilie wapi? Nikiona mtu anafanya kazi kwa moyo nisimsifu?

Ticha wa Singida: Msifu. Ila nijibu hili: hao wanaopokea simu saa tatu usiku wanadumu miaka mingapi?

Msukuma St. Paul: Hapo umegusa kidonda. Rafiki yangu alifundisha chata moja miaka miwili akaacha. Alisema simu ilikuwa haimpi usingizi, na mtoto wake mwenyewe alikuwa anamwona Jumapili tu. Shule nyingi za aina hiyo hazina chama cha walimu. Na ajabu ni kwamba wazo hili la chata lilipigiwa debe 1988 na Albert Shanker, rais wa chama cha walimu, akitaka walimu wenyewe wapewe nafasi ya kujaribu mbinu mpya. Massachusetts, jimbo lenye Boston, 2016 wananchi walikataa kuongeza chata, licha ya matokeo yote yale ya Boston.

Binti Mzee, Tanga: Kwa hiyo tunataka mwalimu anayejichosha au mwalimu anayebaki?

Mama Triza, Houston: Yule wa hesabu aliondoka Machi. Sikutaka kulisema. Mtoto alipiga ile namba siku tatu mfululizo, haikupokelewa, akaifuta mwenyewe. Aliyeletwa ni mpole, lakini namba hatoi, na sasa nashindwa hata kumlaumu.

Ticha wa Singida: Pole sana, dada. Huyo aliyeondoka, hesabu za sehemu alikuwa anazifundishaje? Wangu robo na theluthi zinawachanganya kila mwaka.

Mama Triza, Houston: Kwa vipande vya karatasi. Viwili vyenye urefu sawa, kimoja wanakikunja sehemu tatu sawa, kingine sehemu nne sawa. Halafu kila kimoja wanakikata tena mpaka kiwe na vipande kumi na viwili sawa. Hapo ndipo wanajumlisha. Triza alivibandika jikoni, bado vipo.

Ticha wa Singida: Karatasi 112 sina, lakini mifuko ya saruji ipo, ya choo kinachojengwa. Hivyo vipande upana wake vidole vingapi?

Binti Mzee, Tanga: Na neno la boda bado halijafutwa.