Kuna mtu anapeleka mbele filamu ya dakika nane, na bado tunamwita mtaalamu

Ndugu wanajukwaa, naandika huku mikono ikinitetemeka kwa hasira. Yule bwana ambaye sote tunamjua, anayevaa skafu hata jua linapochoma utosi na kusimamia maonyesho yetu kana kwamba sinema ilizaliwa sebuleni kwake, leo ametuwekea Alice in Wonderland ya mwaka 1903, iliyotengenezwa Uingereza na Cecil Hepworth pamoja na Percy Stow. Ilipotoka ilikuwa na takribani dakika 12. Zilizosalia ni kama 8, nazo zimejaa mikwaruzo. Akashika rimoti, akaipeleka mbele. Filamu ya dakika nane, jamani, akaipeleka mbele!

Tena akaruka msafara wa karata, pale watoto waliovishwa karata wanapoandamana, katika filamu ambayo watengenezaji wake walijitahidi kuifuata michoro ya John Tenniel iliyomo katika kitabu cha hadithi hiyo. Nilipomuuliza sababu, alinijibu mbele za watu kwamba hadithi yenyewe tunaijua. Sasa tulikwenda kufanya nini? Dakika nane! Chai yake ya tangawizi huchukua muda mrefu zaidi kupoa.

Kiti cha Nyuma: Pole, mleta uzi, ila shukuru hakuweka King John ya mwaka 1899. Kipande kilichosalia, cha mfalme akiwa anakufa, ni cha dakika moja hivi, kwa hiyo mfalme angekata roho kabla hujaketi.

Bubu Asilia: Mnalilia rimoti? Sisi tulionyeshwa Frankenstein ya mwaka 1910, ya kampuni ya Edison, ikiwa imebandikwa muziki wa disko pale pale kiumbe kinapojiunda ndani ya chungu, ilhali ufundi wenyewe ni sanamu iliyochomwa moto, kisha picha zikaonyeshwa kinyumenyume.

Mama Projekta: Disko lina nafuu. Nosferatu ya mwaka 1922 iliamriwa na mahakama ya Ujerumani iteketezwe baada ya mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya Dracula iliyoigwa bila ruhusa, kushtaki, ikanusurika kwa nakala chache zilizokwisha kusambaa, halafu mimi nikaitazama huku jirani yangu akitafuna bisi mwanzo hadi mwisho.

Mleta uzi: Naomba turudi kwenye msafara wa karata.

Kiti cha Nyuma: Mama Projekta, bisi hizo zilikuwa za chumvi au za sukari?