Kukatwa mfuko wa chakula: kuna aliyetoka Pemba akafanyiwa?

BintiMchangamdogo
Assalamu alaykum. Miye nipo Wete, miaka 34, kilo 118, urefu mita 1.58. Presha ninayo, kisukari kimeanza mwaka jana, na ngazi za skuli ninayosomesha nazipanda kwa vituo viwili. Daktari kanambia niulizie hospitali ya Mloganzila kule Dar, kuwa ili mtu apungue wanaweka puto tumboni na wanakata mfuko pia. Mume hataki kusikia. Mama anasema niache boflo tu. Nataka neno la mtu aliyepitia, si la tangazo.

MchumaKarafuu
Dada, tangawizi na ndimu kila asubuhi, na wali wa nazi usiku uache. Visu vya nini?

MamaSalma_Chake
Kaka yangu, tangawizi nimekunywa miaka sita, kilichopungua ni tangawizi sokoni.

Dada, miye nilikatwa, huu mwaka wa tatu. Hospitali yangu ilikuwa nyengine, kwa hivyo ya Mloganzila siyasemi. Puto hupitishwa mdomoni, likajazwa maji mumo tumboni, na baada ya miezi kama sita hutolewa. Ukirudia sahani yako ya zamani, na kilo zinarudi. Kukata hakurudishwi: robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi huondoka, ukabaki mrija mfano wa ndizi. Kwa kilo na urefu wako alama yako ya unene (BMI) ni 47, na madaktari huanza kumfikiria mtu kwenye 35, hasa mwenye kisukari.

Kisu chenyewe nililala nikaamka. Wiki za mwanzo ni supu ya kuchuja na uji mwepesi, huku nyumbani nawapikia wengine pilau. Maji gilasi moja naimaliza nusu saa. Nikipiga mafunda, yanarudi. Ramadhani ya kwanza daktari alinizuia kufunga, nikazilipa baadaye. Na kama unataka mtoto, ngoja mwaka na nusu.

Sasa la Pemba. Vitamini, B12, madini ya chuma na kalsiamu ni za maisha, na vikikosekana Chake namwagizia mtu wa boti. Kupima damu ni Mkoani mpaka Unguja, tena Dar, na kusi likivuma nafika nishatapika hata kile kidogo nilichokula. Kwa uvivu huo niliruka miadi miwili. Nywele zikadondoka, kichana kikawa kinatisha.

Nilikuwa 121, sasa 79. Dawa moja ya sukari nimeachishwa. Harusini wananiuliza nani kanifanyia.

BintiMchangamdogo
Ahsante dada. Mume kasoma yote, kauliza moja tu: hiyo boti ni mara ngapi kwa mwaka?

MamaSalma_Chake
Miye mwaka wa kwanza ilikuwa kila miezi mitatu, sasa mara moja. Mwambie ile ya kwanza mfuatane, maana begi hutaruhusiwa kulinyanyua.